Thobias Mabula, Sauti ya Kilima cha Nyamalulu

Jumanne ya leo, tarehe 30 Juni 1998, Ndugu Thobias Mabula anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Usafirishaji ya Jashvant kwa miaka thelathini na miezi miwili. Miaka kumi na saba ya mwisho ameimalizia mahali pamoja, juu ya Kilima cha Nyamalulu, katikati ya Kahama na Geita, akiulea mtambo unaopokea sauti za redio zetu za upepo na kuzirusha mbele ili zifike. Wengi mnaoshika karatasi hii mmezungumza naye mara nyingi kuliko mlivyozungumza na shemeji zenu, na hamjawahi kumtia machoni. Ni yule mrefu mwenye mvi, aliyekaa ukingoni mwa meza kuu kana kwamba kiti si chake.

Mimi ninayeandika ni Rhoda Bujiku, Mama Limi, mpokeaji wa redio hapa makao makuu Shinyanga tangu mwaka 1984. Nimepewa kazi hii kwa sababu mbili: inasemekana namjua mstaafu kuliko wengine, na mashine ya kuchapa iko mezani kwangu. Nimeagizwa niandike kwa uchangamfu na nisizidishe kurasa mbili. Agizo la kurasa tayari naona litanishinda.

Ndugu Thobias alizaliwa mwaka 1943 upande wa Bukombe. Aliajiriwa tarehe 1 Mei 1968 na marehemu Mzee Jashvant mwenyewe, akiwa utingo kwenye lori la pamba lililokuwa na tabia ya kuzimika kila mahali isipokuwa mbele ya karakana. Siku moja lilizimika Kagongwa, jua la saa saba, na dereva akaenda kutafuta kivuli na usingizi. Utingo alibaki peke yake. Alifungua betri, akasugua vichwa vyake kwa jivu na mswaki wa mti, akafunga, na lori likawaka. Dereva aliamshwa na mlio wa gari lake likiondoka. Kwa bahati lilikuwa linageuzwa tu kuelekea Shinyanga.

Habari hiyo ilimfikia Mzee Jashvant, na mwaka 1974 utingo alijikuta ndani ya karakana, msimamizi wa betri zote za kampuni. Hapo alijifunza kulehemu, kusoma mita, na kuwafokea madereva kwa upole. Walimkumbuka kwa msemo wake kwamba umeme ni sawa na ng'ombe, ukimpiga hatoi maziwa. Msukuma akishaleta ng'ombe kwenye hoja, mjadala umekwisha.

Mwaka 1981 kampuni ilinunua redio za upepo kwa vituo tisa na kwa malori yote. Mafundi wakasema sauti haiwezi kutoka Geita hadi Shinyanga bila kupokelewa njiani mahali pa juu, na hapo pa juu pakapatikana: Nyamalulu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao mtambo. Mzee Jashvant aliwakusanya wafanyakazi kumi na wawili uani akauliza nani atakwenda. Kumi na mmoja walianza kutazama viatu vyao. Thobias aliinua mkono. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni kwa mwaka mmoja. Mzee Jashvant naye alidhani hivyo hivyo, lakini alifariki mwaka 1986, na hakuna mwingine aliyekumbuka kumshusha.

Kwa wasiopajua, kituo ni nyumba ya tofali ya vyumba viwili. Chumba kimoja kina mtambo na betri nane, kingine kina kitanda. Nje kuna mlingoti wenye antena mbili, moja imeelekezwa Geita na nyingine imeelekezwa kwetu. Maji yanaletwa kwa lori kila baada ya wiki mbili hadi chini ya kilima, na kutoka hapo yanapanda kwa mgongo wa punda. Jirani wa karibu ni ngedere. Miaka ya mwanzo walikuwa wakining'inia kwenye waya wa antena kama watoto kwenye bembea, mpaka Ndugu Thobias alipowatengea mahindi yao upande wa pili wa nyumba. Tangu hapo, kwa maelezo yake, walikuwa wakija saa tisa kamili, wakitunza muda kuliko wafanyakazi wengi wa makao makuu.

Huduma yake kwa madereva haina mfano. Malori yalipokuwa njiani siku za mechi, yeye aliegemeza sikio kwenye redio yake ya mkulima, mdomo kwenye maiki, na matokeo yakawafikia wote kutoka Isaka mpaka Geita. Alikuwa Yanga, lakini alitangaza mabao ya Simba kwa haki, ila kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Aliwakumbusha madereva dawa zao, aliwapatanisha na wake zao, na dereva aliyedanganya yuko wapi alikuwa anajidanganya mwenyewe, maana Kilima kilijua kila sauti inatoka upande gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karatasi za namna hii kwa kawaida hulikwepa.

Mke wake, Mama Maige, alikuwa akipanda kilima wakati wa kiangazi na kushuka mvua zikianza, kwa sababu watoto walikuwa shule na shamba lilikuwa kwao. Alifariki mwezi Agosti 1991, kwa homa, akiwa nyumbani. Habari ya msiba ilimfikia Ndugu Thobias kwa redio, na aliyeisoma nilikuwa mimi, vituo vyote vikisikiliza. Alinijibu, akishukuru kwa Kisukuma, "Nimepata. Wabeja, Mama Limi." Kisha akaniomba nisubiri kidogo kwa sababu kuna lori la Kahama lilikuwa linamwita. Akalihudumia lile lori kwanza.

Aliporudi kutoka mazikoni nilifanya jambo moja dogo ambalo sikumwomba mtu ruhusa. Kila asubuhi saa moja makao makuu huita vituo kimoja kimoja, na Kilima kilikuwa cha kwanza kwenye orodha. Nikakihamishia mwisho. Kituo cha mwisho hakina anayesubiri nyuma yake, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kuzungumza. Dirisha langu linatazama barabara ya kwenda stesheni, na yeye akawa na swali lake la kila siku: "Haya, Mama Limi, nani amepita?" Nami namwambia. Fundi cherehani kapita na kofia mpya. Yule mama wa maandazi leo kachelewa. Watoto wa shule wanakimbizana na mbuzi. Limi wangu kafaulu hesabu. Miaka ilivyokwenda aliwajua watu wa barabara ile kwa majina, hata yule fundi cherehani alipokufa aliniagiza nimpelekee rambirambi zake, na familia ya marehemu wakaniuliza huyu Thobias ni nani.

Msidhani nilikuwa nafanya hisani. Mume wangu aliondoka mwaka 1989 kwenda kutafuta dhahabu Geita, na mpaka leo ama anaitafuta bado au ameipata. Limi alikwenda bweni. Chumba cha redio haruhusiwi kuingia mtu mwingine, kanuni iko mlangoni. Kuna siku ambazo neno langu la kwanza na la mwisho kwa binadamu lilikuwa ni hayo mazungumzo ya saa moja asubuhi. Nilikuwa mpweke, naye alikuwa mpweke, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hapa lazima nieleze kanuni, maana ndimo kosa letu lilimojificha. Edward, fundi mkuu wa redio, aliziandika mwaka 1988, na zimebandikwa kwenye ukuta wa kila kituo. Asubuhi kila upande unamwambia mwenzake anamsikia kwa nguvu kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Tano ni kama mmekaa chumba kimoja. Moja ni mvumo mtupu. Na kanuni ya nne inasema: kituo kikisikika chini ya tatu, ujumbe wa kazi tu, nusu dakika, kisha mfunge na fundi aarifiwe.

Mvua za mwisho wa mwaka 1994 zilipoanza, sauti ya Kilima ilianza kuzama. Nilimsikia kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Siku hiyo ya kwanza yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Nakupata tano, Mama Limi." Nikajiuliza, kama yeye ananipata tano na mimi nampata mbili, basi ubovu uko kwenye redio yangu, au masikio yangu yameanza uzee. Nikisema mbili, kanuni ya nne inafunga mazungumzo. Nikasema, "Nami nakupata tano, Baba Maige." Nikaandika tano kwenye daftari. Akauliza nani amepita.

Nimekuja kujua mwaka huu kwamba na yeye alikuwa ananipata mbili, na siku nyingine moja. Alisema tano kwa sababu ile ile niliyosemea mimi. Alikuwa akisikia neno moja katika manne na yaliyobaki anayajaza mwenyewe, na mimi nilikuwa nikicheka mahali nilipodhani pamechekesha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka mitatu.

Mtauliza Edward alikuwa wapi. Alikuwa anafanya kazi yake. Barabara ya Nyamalulu wakati wa mvua hupitika kwa shida sana, kwa hiyo ukaguzi ulikuwa kila mwezi Agosti, na Agosti kila kitu kilikuwa safi. Ubovu ulikuwa maji yaliyoingia ndani ya waya wa antena inayotazama Shinyanga. Kiangazi yanakauka, sauti inarudi, fundi anatia sahihi. Mvua ikianza, waya unakunywa tena. Neno moja la kweli kutoka kwa mmoja wetu lingemleta fundi na waya mpya siku yoyote ile barabara ilipofunguka.

Alhamisi ya tarehe 11 Desemba 1997 wote mnaikumbuka. Ni ile mvua ambayo haikujua kukoma. Ignas, dereva wetu wa siku nyingi, alikuwa anapeleka saruji na dizeli kwenye kambi ya watafiti wa madini upande wa Geita. Saa mbili asubuhi lori lake lilinasa katikati ya mto ambao jana yake ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalikuwa yanapanda. Yeye na utingo wake walipanda juu ya kichwa cha gari, maiki mkononi, na wakaita Kilima. Antena ya upande wa Geita haikuwa na tatizo, Ndugu Thobias aliwapata vizuri. Akawaambia watulie, akageukia Shinyanga kuomba gari la kuvuta na watu.

Nilisikia mvumo. Ndani ya mvumo nikatambua ni yeye, kwa namna anavyovuta pumzi. Mkononi nilikuwa na karatasi za mizigo, na kituo cha Isaka kilikuwa kinanisubiri. Nikabonyeza maiki nikasema kama nilivyozoea kusema kwa miaka mitatu: "Nakupata tano, Baba Maige. Ujumbe umefika. Ova." Sikuwa nimepata hata neno moja. Kwenye daftari niliandika: Kilima, tano, salamu.

Yeye alinisikia. Kwa shida, lakini hilo la kufika alilisikia. Akawaambia Ignas na mwenzake kwamba msaada uko njiani. Wale watu wawili walikaa juu ya kichwa cha lori wakitazama barabara, wakihesabu kwamba gari litatoka Kahama, litafika saa ngapi, limepita wapi sasa. Hakuna gari lililotoka popote.

Saa sita Ignas aliita na kusema maji yamefika kwenye kioo. Ndugu Thobias alituita mara nne. Mara hizo sikujibu kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kula. Hapo ndipo alipoelewa kwamba ujumbe wa asubuhi haukuwa umefika. Akafanya jambo ambalo kanuni zinakataza katakata: aliuacha mtambo peke yake. Aliteremka kilima kwenye mvua hadi kambi ya wachimbaji wadogo, mwendo wa saa moja na zaidi, akaingia katikati ya watu wasiomjua, amelowa, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, akawaambia kuna watu wanakufa mtoni. Wachimbaji wale walitoa kamba zao, zile wanazoshukia kwenye maduara, yaani mashimo yao ya dhahabu, na madumu matupu ya kuelea, wakamfuata. Ignas na utingo wake walitolewa saa kumi na moja jioni. Lori liliondoka na mto kabla ya jua kuchwa. Ndugu Thobias hakusubiri hata kukauka, alipanda kilima usiku huo huo kwa sababu mtambo ulikuwa peke yake.

Ignas yuko hapa leo, ameomba ndiye amkabidhi mstaafu zawadi ya madereva. Nadhani hakuna asiyejua kwa nini.

Mwezi Januari kiliitishwa kikao hapa makao makuu kuchunguza ilikuwaje. Asubuhi hiyo nilipita barazani nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Nikadhani ni mzazi wa dereva fulani. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba." Nikageuka pale pale. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kila siku kwa miaka kumi na minne, na uso wake nilikuwa nimeupita kama nguzo. Nilimsalimia tena, vizuri, kwa jina. Akatabasamu akasema alidhani mimi ni mnene.

Ndani ya kikao Edward alikuja na kipande cha waya wa antena, akakiinamisha juu ya bilauri, na maji yakatoka. Kila mtu aliyaona. Akafungua daftari, akasoma tano za miaka mitatu, akauliza nani alikuwa anazisema. Ndugu Thobias alisimama. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasikia vibaya, na nilikuwa nasema nasikia vizuri. Kosa ni langu." Wakamuuliza kama siku ile ya mto alituma ujumbe. Akasema alituma, na bila shaka ulipotea njiani kwa sababu ya ubovu alioficha mwenyewe. Hakusema kwamba alijibiwa. Hakusema nani alimjibu, wala alijibiwa nini.

Muhtasari wa kikao kile niliandika mimi. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake, kalamu mkononi, na niliandika kwa mwandiko mzuri: Ndugu Thobias Mabula amekiri. Sikuinua kichwa. Alitoka akaniaga kwa adabu, akapanda lori kurudi kilimani na barua ya onyo kali, na nakala yake ikaingia kwenye jalada.

Mwezi Februari Edward alifunga waya mpya. Tangu siku hiyo Kilima kinasikika kama mtu aliye upande wa pili wa meza. Sasa tulikuwa tunasikiana vizuri, na hatukuwa na la kusema. Nilimwita, akaitika, tukapeana namba zetu za kweli, nikasubiri aniulize nani amepita. Hakuuliza. Nadhani alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwa nangoja anisamehe bila mimi kuomba. Miezi mitano tumekwenda hivyo, sekunde ishirini kila asubuhi. Katika upweke wote nilioupata kwenye chumba kile, huo ndio ulionishinda.

Onyo lile halikuwa karatasi tu. Hospitali ndogo ya misheni kule kwao Bukombe imeletewa redio, na masista wanatafuta mtu wa kuihudumia, mtu mzima, mtulivu, aliyezoea. Kama kuna kazi iliyomsubiri binadamu mmoja duniani ni hiyo. Wakaiandikia kampuni kuomba barua ya sifa. Lakini barua ya sifa haitoki kwenye jalada lenye onyo kali, hiyo ni kanuni pia, na jibu la kuwakatalia masista nilichapa mimi mwezi Mei. Ndugu Thobias alipopata habari alisema tu, "Basi masista watapata mtu mwingine. Mimi nitalima." Nyumba anakorudi haina Mama Maige, na watoto wako mbali. Angekwenda kukaa kwenye kimya kingine, na safari hii bila hata maiki.

Ijumaa iliyopita nilipeleka karatasi hii, mpaka aya ile inayoishia kwenye maiki, kwa mkurugenzi wetu, Mama Madhuben. Ameiongoza kampuni tangu mumewe Mzee Jashvant alipofariki, na mnamjua, hasomi kitu bila penseli. Alisahihisha koma mbili. Alipomaliza alivua miwani.

"Rhoda, Januari ulikuwa kwenye chumba hiki hiki. Mdomo ulikuwa wapi?"

"Niliogopa, Mama."

"Ulikuwa unaogopa mimi?"

"Niliogopa kutolewa kwenye redio."

Alivaa tena miwani. Kisha akaita jalada la Thobias, akaitoa barua ya onyo, akaandika barua ya sifa kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, na hakuniruhusu kuichapa. Baada ya hapo akafungua jalada langu. Kuanzia kesho tarehe 1 Julai nahamia stoo ya vipuri, na asubuhi mtasikia sauti nyingine kutoka Shinyanga. Naomba mumpokee vizuri, mwenyewe ni mwenye haya. Na kuanzia kesho pia, kwa agizo la Mama Madhuben, Kilima cha Nyamalulu kitakuwa na wahudumu wawili, sio mmoja, na hakuna atakayekaa huko zaidi ya mwaka. Nilimuuliza niifute sehemu ipi kwenye karatasi hii. Akasema, "Chapa hivi hivi." Stensili nimeikata mwenyewe, na mashine ya kudurufu nimeizungusha mwenyewe, kwa hiyo makosa yote yaliyomo humu ni yangu.

Baba Maige, sasa naacha kuwaambia watu habari zako, nakuambia wewe. Bahasha utakayopewa leo na Mama Madhuben ina barua ya sifa. Masista wamekwisha kuarifiwa na wanakusubiri Jumatatu. Ulinibebea mzigo ambao nusu yake ilikuwa yangu, na siku ile ya mto zaidi ya nusu. Uliubeba mbele ya watu, kwa hiyo na mimi nimeona nikuombe radhi mbele ya watu. Nisamehe.

Kwa niaba ya uongozi, madereva, karakana na vituo vyote tisa, tunakushukuru kwa miaka thelathini. Tunakushukuru kwa kila lori lililorudi salama kwa sababu ulikuwa macho, kwa mabao ya timu usiyoipenda, na kwa kandambili iliyobaki kwenye matope.

Wakati wa chakula nimeomba nikae kando yako. Sijui tutaanzia wapi, maana hatujawahi kuzungumza tukitazamana. Ukipenda kunyamaza, tutanyamaza pamoja, pilau ni nyingi.

Nenda salama Bukombe, Baba Maige. Tunakutakia afya, mvua za kiasi, na mlango usiokosa mtu wa kupiga hodi.